Mjukuu Wangu Anataka Nimpe Mwanawe Jina la Matroni

Mwangaluka nyote mnaosoma. Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni bibi wa huku Itilima, mkoa wa Simiyu. Umri wangu hakuna aliyeuandika. Uhuru ulipokuja nilikuwa nimeshaanza kubebeshwa watoto wa dada zangu mgongoni. Shule sikuiona. Anayeniandikia ni mjukuu wangu wa kike, na nimemwonya asinitengenezee maneno.

Nina wivu. Naanza na hilo ili msihangaike kulitafuta. Namwonea wivu mwanamke aliyekuwa matroni wa bweni la wavulana, tangu miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia huku, kila mmoja na mzani wake.

Binti yangu alifariki akaacha mtoto wa kiume hajaota meno. Nitamwita Masanja. Nilimlea kwa maziwa ya ng'ombe na kifua changu kisicho na kitu, alikuwa akikinyonya hivyo hivyo apate usingizi. Alipoanza kusema akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Nikamkataza. Nikampeleka kaburini nikamwambia, "Mayu wako ni huyu. Mimi ni bibi." Sikutaka binti yangu anyang'anywe hata hicho kidogo alichobakiza duniani. Mtoto akakubali, hakurudia tena.

Akafaulu kwenda sekondari ya bweni upande wa Dutwa. Msimu ule pamba ilipata bei, nikauza yote, nikamnunulia godoro, sanduku la bati, ndoo, shuka na jembe, maana walidai na jembe. Muhula ule nyumba ilikuwa kimya. Nikawa nasonga ugali wa watu wawili, unaobaki namwagia mbwa.

Siku ya wazazi kutembelea nikatoka alfajiri na basi, kisha nikapakiwa kwenye baiskeli. Nilibeba kibuyu cha maziwa ya mgando, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, maana mtoto wangu aliipenda mpaka analala nayo mfukoni. Nikamkuta kwenye baraza la matroni. Shati limepigwa pasi. Amenenepa. Wavulana wenzake wamejaa pale, mmoja anamtania kwamba yeye siku hizi ni mtoto wa mama, hata harufu ya zizi imemtoka. Matroni akanipigia magoti kama mkwe wangu, akanieleza kuwa Masanja alishikwa na malaria kali, akamhamishia chumbani kwake, akamlisha uji kwa kijiko mpaka akainuka. Mimi sikupelekewa habari. Halafu mtoto akamgeukia, akasema, "Mayu, huyu ndiye bibi yangu niliyekwambia."

Mayu. Neno nililomtoa mdomoni alipokuwa mdogo, kumbe hakulitupa. Amekaa nalo miaka yote hiyo, akaenda kumpa mtu wa mshahara.

Nilikula wali wake, na ulikuwa mzuri, hilo nalo liliniudhi. Wakati wa kuondoka nikachukua kibuyu changu kikiwa kimejaa. Masanja alinisindikiza hadi getini, akaniuliza, "Bibi, na maziwa?"

Nikamjibu, "Kanywe chai ya mayu wako."

Kila likizo alikuja na habari zake. Mayu anapika hivi, mayu anasema maji ya kunywa yachemshwe. Nikawa nachemsha maji kwa hasira.

Sasa sikilizeni. Masanja alichelewa kuoa, akachelewa kupata mtoto. Mwaka huu Mungu amempa binti. Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hubeba jina la bibi, na katika nyumba yetu mwanamke mkubwa kuliko wote ndiye humshika mtoto mlangoni, akalitamka jina kwa sauti ndugu wakisikia. Likishatamkwa halirudi. Mkubwa ni mimi. Nilikuwa nimeshamnunulia kanga huyo wajina wangu, ndipo Masanja akapiga simu.

"Bibi, nakuomba umpe jina la mayu," akasema. "Yeye hakuzaa. Akiondoka, hakuna atakayeitwa yeye."

Nikamuuliza, na mimi nani ataitwa? Akacheka, akaniambia wajukuu wenye jina langu wamejaa ukoo mzima.

Ni kweli. Hata huyu anayeniandikia ana jina langu, na hapa ameacha kuandika ananiuliza, "Bibi, mimi si nipo?" Nimemwambia andika, nani amekuuliza. Hao wote nawapenda. Lakini hakuna hata mmoja ambaye baba yake alininyonya kifua kikavu.

Kibaya zaidi, matroni mwenyewe anakuja. Nasikia amezeeka, miguu inamsumbua. Amemwambia Masanja kwamba asipikiwe kuku wala wali, anataka maziwa ya mgando ya bibi, yale aliyoyaona siku ile yakirudi na mwenyewe. Kumbe mwanamke huyo aliona, na akanyamaza miaka yote hii. Maziwa nimeshayagandisha. Msiniulize kwa nini.

Jumamosi nitasimama mlangoni na mtoto mikononi, watu wote wananitazama mdomo. Nikitamka jina langu, hakuna wa kunipinga. Nikitamka lake, nitakuwa nimemkabidhi mwenyewe, kwa sauti yangu, kitu ambacho nimekaa miaka yote hii nikidai alikichukua bila ruhusa.

Ninyi mliolea watoto msiowazaa, na ninyi mliolelewa na wasiowazaa, nawauliza: nitamke jina la nani? Msinijibu kwa upole. Mjukuu atanisomea yote, na matusi yenu pia.