Mama Rudia

Muuguzi wa zamu ya asubuhi hakabidhi wagonjwa akiwa mezani. Saa nane mchana huweka mkoba chini, akamshika mwenzake kiwiko na kumpitisha kitanda kwa kitanda, kidole kikifuata maandishi ya faili. "Huyu sindano ya sukari keshachomwa. Hebu rudia." Binti anayempokea hucheka: "Sista, masikio ninayo." "Najua unayo, mwanangu. Rudia tu." Wodi nzima humwita Mama Rudia, naye huitika. Ila kwenye kitanda cha sita sauti humshuka, na mkono hunyoosha shuka lisilo na mkunjo.

Leo binti akamuuliza kwa nini hapo hukawia.

"Siku moja nilikabidhi pale mlangoni, mkoba begani, mguu ndani mguu nje. Nikasema wote wanaendelea vizuri. Mzee wa hapa nilikuwa nimeshamchoma ya sukari, sikuandika, sikusema. Mwenzangu akamchoma tena. Sukari ikashuka mno, hakuamka."

Binti akaitazama faili, kisha akasema polepole, bila kuombwa: "Kitanda cha sita, sindano ya sukari keshachomwa, saa saba na nusu."

Muuguzi akaitikia kwa kichwa, macho kwenye shuka. "Maneno niliyopaswa kusema yalikuwa hayo tu," akasema. "Hayazidi hapo."