Jina la Saba

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja, duka la kompyuta na kuprinti, pale mtaani Kawangware 56, nikingoja kuprintiwa makaratasi yangu. Kando yangu daktari mmoja msichana alikuwa akipanga marejeleo ya makala anayopeleka kwa jarida la kitabibu. Mwenye saiba alikuwa akimsaidia.

"Daktari, sheria ya jarida ni majina sita ya waandishi kwa kila marejeleo," akamwambia. "Kuanzia wa saba unaandika tu 'na wenzake'."

Kidole cha msichana kikagoma juu ya kibodi. "Huyu wa saba ni mathe wangu."

Kwenye skrini niliona utafiti wenyewe ulikuwa wa kikohozi mtaani Sarang'ombe, na hapo nikakumbuka utoto wangu huko. Akina mama wa utafiti walipita mlango kwa mlango na makasha ya barafu ya kuwekea sampuli mabegani, wakiuliza nani anakohoa. Sisi watoto tuliwafuata tukikohoa makusudi, tupate peremende.

Msichana akafuta jina, kisha akapiga simu, akawasha spika na kuiweka mezani. "Mum, kwenye makala yangu nimetaja ule utafiti wenu wa zamani. Lakini jina lako limekatwa. Sasa wewe ni 'na wenzake'."

Mama akacheka. "Si ni ukweli? Kwani nilikuwa natembea peke yangu? Wenzangu wengine hata hawakuwahi kuandikwa mahali."

Akaanza kuwataja kwa majina: yule wa kubeba barafu, yule aliyejua mbwa wa kila ploti, yule aliyewaimbia watoto wakidungwa sindano. Mwenye saiba akaacha kuprinti.

Jarida lina haki yake. Karatasi si ya bure. Lakini mezani pale majina yalipita sita mapema sana, na hakuna aliyemkatiza.