Sindano Zilizoganda

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa jokofu kabla sijaonyeshwa pa kulala. Nilishuka kwenye basi Makambako asubuhi, sanduku la bati mkononi na sweta mbili mwilini, na muuguzi mfawidhi wa kliniki ya mama na mtoto hakuniuliza hata habari za safari. Alinipeleka moja kwa moja chumba cha nyuma, akainama, akanionyesha moto mdogo wa buluu uliokuwa ukiwaka chini ya jokofu.

"Unauona huo?"

"Nauona, Mama."

"Siku ukizimika usinitafute. Funga sanduku lako urudi kwenu."

Vijana wanaochanja leo nikiwaambia kwamba jokofu letu liliendeshwa kwa moto, hucheka. Wacheke tu. Lilitumia mafuta ya taa. Chini lilikuwa na tangi, juu ya tangi utambi, na moto wa utambi huo ndio uliofanya ndani kuwe na baridi. Msiniulize kwa vipi. Fundi alinieleza mara mbili, na mara zote mbili niliitikia kwa kichwa tu. Nilichojua ni kwamba ukiupandisha moto baridi inazidi, ukiushusha inapungua, na ukizimika chanjo zote za mwezi zimekwenda na maji.

Tulitunza chanjo za aina kadhaa, lakini habari yangu ni ya mbili. Ya kwanza ni polio, matone ya kudondoshea mtoto mdomoni. Ya pili ni sindano ya paja tuliyoiita DPT, iliyobeba kinga ya magonjwa matatu kwa pamoja: dondakoo, pepopunda na kifaduro. Mtoto alipewa zote mbili siku ileile, na alirudi mara tatu kabla hajajua hata kukaa.

Chanjo haimtilii mtoto kinga kama unavyomtilia uji. Inaufundisha mwili wake kumtambua adui kabla hajafika. Matone ya polio yana kirusi hai aliyepunguzwa makali. Anashuka tumboni na mwili unajifunza hukohuko. Sindano ilikuwa na vijidudu vya kifaduro vilivyokwisha kuuawa, pamoja na sumu za yale magonjwa mengine mawili zilizoondolewa ukali, vyote vikichanganywa na chumvi maalumu ya kuushtua mwili uamke usome. Ndiyo maana ile dawa ilikuwa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Kwa hiyo mtoto mmoja, kwa siku moja, alisoma masomo mawili kwa walimu wawili, na walimu hao hawakuwa na tabia moja. Mfawidhi aliniambia: "Polio hata ikiganda haina neno. Sindano ikiganda, tupa."

Aliniambia, sitamsingizia marehemu. Ila hilo aliniambia mara moja, na la moto kuzimika aliniambia kila siku ya Mungu.

Na alikuwa na sababu. Miaka hiyo mafuta ya taa yalikuwa ya kibali. Unaandika barua, unasubiri, unaambiwa rudi Alhamisi, na Alhamisi unaambiwa yameisha. Kuna wiki tuliyamimina mafuta ya taa zetu za nyumbani kwenye tangi la jokofu, tukakaa gizani kama kuku. Kuungua kwa joto ndiko tulikokuogopa. Kuganda? Nani agandishe, na moto wenyewe ulikuwa wa kuombea dua?

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa zahanati ya kijiji kimoja juu huko kati ya Njombe na Makambako, nisikitaje jina. Ni baridi ya kweli kule. Mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta sakitu, ule umande ulioganda, imeunguza majani ya viazi. Nilikuwa nesi peke yangu, pamoja na mganga msaidizi aliyekuwa akikaribia kustaafu, mtu mpole asiyeingia chumba cha chanjo kwa kuwa alisema si chake.

Ndipo ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Maduka ya Makambako yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yakajaa vitu hadi barazani. Mafuta ya taa nikawa nayachukua kwa Bwana Salumu, mfanyabiashara mwenyeji wa Tanga aliyehamia pale kufuata barabara kuu. Kila mwezi nilipokwenda kuchukua chanjo nilimpitia.

"Karibu, nesi wangu! Habari za baridi?"

"Baridi ipo, Bwana Salumu. Leo naweza kupata lita ngapi?"

"Ngapi! Enzi za kibali zimekwisha, dada. Beba tu." Kisha akiisha kupima alikuwa akiongeza kidogo. "Hii ni sadaka yangu kwa watoto. Moto usizimike, au siyo?"

Haukuzimika. Nilirudi zahanati na madebe yaliyojaa, nikaupandisha moto hadi mwisho wa utambi, na mwaka ule wote sikuushusha. Nilikuwa nimeteseka kwa ukosefu, na sasa nilikuwa na mafuta tele. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Msimu wa baridi ulipofika kipimajoto kikashuka chini ya sifuri. Nilikisoma, nikaandika kwenye daftari, nikafurahi. Nilifurahi! Nilijiona nesi hodari kuliko wote wa tarafa ile.

Asubuhi nilivikuta vichupa vya sindano vimeganda. Nilivishika viganjani nikavipasha taratibu hadi vikayeyuka, ili dawa ya baridi isiwaume watoto. Mama zao waliniona wakaambiana, "Nesi huyu ana huruma." Nami nilisikia, nikaendelea kupasha.

Katika watoto hao walikuwamo mapacha wa kike, Edina na Eliza. Mama yao alikuwa mkulima wa viazi, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na tangu ajifungue kijiji kizima kilimwita Mama Mapacha. Akifika tu mlangoni: "Kamwene, nesi! Nimekuletea wanao." Hakukosa kliniki hata mara moja. Kadi zao alizifunga kwenye mfuko wa nailoni, na sindano ya tatu ilipoandikwa alizinyanyua juu wenzake wazione. Kwetu kadi iliyojaa ilikuwa heshima ya mama.

Miezi michache baadaye Eliza akaanza kukohoa. Mama Mapacha alimleta mara ya kwanza, nikampa dawa ya maji. Alimleta mara ya pili, na safari hii nilishuhudia mwenyewe. Mtoto alikohoa mfululizo hadi midomo ikawa ya buluu, kisha akavuta pumzi kwa mlio mwembamba kama jogoo anayejifunza kuwika, akatapika. Mtu yeyote aliyesomea uuguzi anajua mlio ule ni wa nini.

"Nesi, mama mkwe anasema hiki ni kifaduro," alisema.

Nilichukua kadi nikaifungua. "Kifaduro hakiwezi kuwa. Si unaona? Sindano zote tatu. Ni baridi tu hii, mfunike vizuri."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu. Niliiamini kadi kuliko mtoto niliyekuwa nimempakata.

Wiki ile wakaletwa watoto wengine wanne wenye mlio uleule, wote na kadi zilizojaa, na hapo nikaingiwa na hofu. Nilituma taarifa. Mratibu wa chanjo aliyekuwa akitusimamia alikuja kwa pikipiki, koti la mvua limemfika miguuni. Hakuuliza mengi. Alifungua jokofu, akaona ukoga wa barafu ukutani, akanitazama. Kisha akachukua kichupa kimoja changu na kimoja alichokuja nacho yeye, akavitikisa vyote kwa mkono mmoja, akaviweka mezani sambamba.

"Kaa, sista. Tunywe chai."

Hilo ndilo jaribio la kutikisa. Dawa nzima hubaki nyeupe kichupa kizima kwa muda mrefu. Iliyowahi kuganda huachana: mabonge hushuka chini, na juu yanabaki maji maangavu yasiyo na kitu. Chai haikuisha. Kichupa chake kilikuwa vilevile, na changu kilikuwa kimejigawa sehemu mbili.

"Hii umeiua kwa baridi," alisema. "Moto wako mkubwa mno."

"Na polio?"

"Polio nzima kabisa. Hiyo ungeweza kuigandisha mwaka mzima."

Baadaye walikuja wataalamu wakawatoboa watoto vidole na kuchukua matone ya damu, na majibu yalikuja kama alivyosema. Mwili ulikuwa umelijua vizuri somo la polio, lakini lile la kifaduro haukuwa nalo. Ila mimi sikuhitaji majibu hayo. Siku mbili baada ya chai ile Eliza alifia mgongoni mwa mama yake, wakiwa barabarani wanasubiri gari la kwenda hospitali.

Mratibu hakuwa mtu mbaya. Aliniambia turudie sindano kwa watoto wote wa msimu ule, na tuseme ni kampeni. "Ukiwaeleza mengine, hawatarudi kliniki tena. Unaijua hali ya vijijini." Nilimtii. Nilitangaza kampeni, nikakaa siku nzima na boksi la chanjo, na walikuja akina mama watatu. Wengine walinijibu njiani kwa adabu: "Wa kwangu alishamaliza, nesi. Kadi imejaa." Mimi ndiye niliyewafundisha kuiheshimu kadi. Na kifaduro kilikuwa bado kinapita nyumba kwa nyumba.

Jumapili nilimwendea mwinjilisti wa usharika wetu kabla ya ibada, nikaomba kusema neno wakati wa matangazo. Alidhani nataka kutangaza usafi wa vyoo. Nilisimama mbele, nikasema hivi: "Sindano nilizowapa watoto wenu msimu wa baridi zilikuwa zimekufa. Nilizigandisha mimi, kwa moto wa jokofu langu. Kadi zimejaa lakini miilini hamna kitu. Matone yako salama, sindano ndizo zilizokufa. Walete Jumanne tuanze upya."

Mama Mapacha alikuwa benchi la tatu, Edina begani. Alisimama.

"Nesi, siku ile uliposema ni baridi tu, kilikuwa kifaduro?"

"Kilikuwa kifaduro."

"Na moto ulikuwa wako?"

"Ulikuwa wangu."

Alikaa. Mwinjilisti akaanzisha wimbo, na sikumbuki ni upi.

Jumanne nilifungua mlango nikiwa na hakika ya kukuta uwanja mtupu, au watu wenye fimbo. Nilimkuta Mama Mapacha, wa kwanza. Edina naye alikuwa ameugua, ila alipona. Kifaduro chenyewe kilishaufundisha mwili wake, lakini alikuwa bado hana kinga ya dondakoo na pepopunda. Nyuma ya Mama Mapacha ulikuwa mstari hadi kwenye shamba la mahindi. Hakunisalimia. Alimlaza mtoto mapajani, akafunua kanga.

"Tikisa nione."

Nilitikisa kichupa nikakiweka mezani mbele yake. Alikaa akikitazama muda wote uliotakiwa, mstari mzima ukisubiri. Kilibaki cheupe.

"Haya," alisema. "Mchome."

Kuanzia siku hiyo hakuna mama kijijini pale aliyekubali sindano kabla ya kuona kichupa kinatikiswa. "Tikisa nione," waliniambia kwa miaka sita, hadi nilipohamishwa. Na yeye waliendelea kumwita Mama Mapacha. Kila nilipolisikia jina hilo uwanjani nilijiinamia.

Barua ya onyo niliipata, na niliistahili. Nilipelekwa Igwachanya, kisha mjini Njombe, nikamalizia kazi nikiwafundisha wahudumu wapya. Niliwafundisha joto na baridi kwa uzito mmoja. Wakubwa wangu wa mwisho walisema nawatisha watoto wa watu kwa habari za barafu. Majokofu ya mafuta ya taa yalikwisha kuondolewa, yakaja ya umeme na ya jua, na ile sindano leo imebeba magonjwa matano badala ya matatu. Siwaonei wivu vijana. Nawaombea tu wasiwe na hakika kama niliyokuwa nayo mimi.

Mwaka wa pili wa kustaafu kwangu nilimpeleka mjukuu kliniki, mama yake akiwa safarini. Mbele yangu kwenye benchi alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye mtoto wa kwanza. Nesi alipochukua kichupa, yule mwanamke akamzuia.

"Dada, tikisa kwanza."

Nesi akacheka. "Jokofu letu lina king'ora, mama. Ikikaribia kuganda linapiga kelele. Nani amekufundisha hayo?"

"Mama yangu. Nilikuwa na pacha wangu, Eliza. Tikisa tu, sina haraka."

Nesi alitikisa. Edina alikitazama kichupa vilevile kama mama yake. Mtoto wake alipokwisha kuchomwa, aligeuka akaniona nimemkumbatia mjukuu kwa nguvu, akadhani naogopa sindano.

"Bibi, na wewe mwambie atikise," alisema kwa upole. "Usione haya. Manesi nao ni binadamu."

Kanisani nilisema mbele ya usharika mzima. Siku ile, mbele ya mtu mmoja, nilifungua mdomo na jina langu halikutoka.

"Ahsante, mwanangu," nikamwambia. "Nitamwambia."