Siku Kompyuta Ilipopita Kibuye

Nikimwona kijana anatafuna mandazi juu ya kibodi, viatu vyake vimejaa matope chini ya meza, mkono unaniwasha. Natamani kumzaba kofi. Najua hana kosa, siku hizi mashine hizi ziko kila mahali kama sufuria. Lakini mimi nilisomea kompyuta Kisumu miaka ya tisini, na chuoni kwetu hakuna aliyethubutu kuingia chumba cha kompyuta na viatu. Mwalimu alituambia vumbi likiingia ndani ya mashine, imekufa, nasi tuliamini hilo kuliko mahubiri ya Jumapili. Tuliingia na soksi zilizotoboka, na harufu ya mle ndani, wacha tu.

Kisha zikaja mashine mpya zenye rangi na kipanya. Zile zetu za zamani, za maandishi ya kijani, zikageuka takataka hata kozi hatujamaliza. Tulikariri amri zake mwaka mzima, halafu tunaambiwa sahauni! Nilikasirika, na bado nimekasirika. Rafiki yangu hakukasirika, kwa sababu yeye ndiye aliyeongoza darasani, na chuo kikampa moja ya zile kuukuu iwe yake. Alikuwa amesikia habari za intaneti, kwamba unaunganisha kompyuta na waya wa simu, unaandika barua, inafika Ulaya kabla hujameza mate. Kwao hakukuwa na simu. Hata stima ya kuwashia taa walivuta kwa waya kutoka kwa jirani.

"Kwanza mashine, omera," aliniambia. "Simu itakuja."

Tukaibeba Jumapili kwenda kwao mtaa wa Manyatta, kwa miguu. Yeye alichukua kioo chake, kizito kama televisheni, begani, mimi nikatia kasha la mashine yenyewe na kibodi kwenye gunia. Na huyu jamaa, yawa, akavua viatu! Nikamwuliza, tuko barabarani, unavua viatu vya nini? Akasema hawezi kuishika mashine na viatu, amezoea hivyo. Akavifunga kwa kamba, akanitundikia shingoni.

Karibu na soko la Kibuye gunia langu likapasuka. Nikamwambia atangulie. Nilikuwa bado nafunga kamba niliposikia kelele upande wa mitumba: "Jakuo! Mwizi! Jakuo!" Nikajua ni yeye, nikabeba gunia nikakimbia.

Nilimkuta chini, shati limeraruliwa lote. Mama mmoja muuza nyanya alikuwa akimtandika na kigoda alichokuwa amekikalia. Wanaume walimpiga mateke ya mbavu kwa zamu.

"Televisheni ya nani hii? Unapita mbio miguu mitupu, umeiba wapi?"

"Ni kompyuta!" alilia. "Ni kompyuta yangu!"

Wakacheka. Fundi wa redio alikichukua kile kioo, akakichomeka kwenye stima ya kibanda chake, kikabaki cheusi. Na kingeonyesha nini, wakati kasha lake lilikuwa kwangu? "Mwongo!" Mwanamume mmoja wa fulana nyekundu akainua jiwe, akamponda nalo mkono wa kulia. Nilisikia mifupa ikivunjika. Watu wakaanza kuitisha tairi, na tairi likaja likiviringishwa.

Nilijisukuma katikati yao nikipiga kelele kwamba nusu nyingine ninayo mimi, na mtu akanipiga ubao sikioni. Sikio hilo linavuma mpaka leo. Fundi wa redio akasema ngojeni tuone. Nikaweka kasha kwenye meza ya kibanda chake, nikaunganisha nyaya, nikawasha. Kasha likanguruma, na maandishi ya kijani yakapanda kwenye kioo. Umati wote ukasogea kuona.

Kisha mashine ikasimama, ikisubiri.

"Inataka nini?" akauliza wa fulana nyekundu.

"Neno la siri," nikasema. "Analijua mwenyewe peke yake."

"Basi aiambie. Ikimkataa, tunamchoma."

Mjinga mimi, nimefungua mdomo! Wakamburuta mpaka mezani. Jicho moja lilikuwa limefumba, na mkono wa kulia umevimba. Akaandika kwa mkono huohuo, kwa mazoea. Mashine ikalia mlio mmoja, ikakataa.

"Imemkataa! Imemkataa!"

Tairi likavishwa shingoni mwake. Nilisikia harufu ya mafuta ya taa. Nikamlilia, "Tumia wa kushoto, ndugu yangu. Polepole." Akaifuta damu kwenye kibodi kwa kiwiko, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole cha kushoto. Mashine ikafunguka.

Wakapiga makofi. Watu walewale! "Kumbe ni msomi!" Mama wa nyanya akaweka kigoda chini, akamwambia, "Pole, mwanangu. Lakini na wewe, kwa nini utembee bila viatu?" Nilitaka kumrukia. Sikuwa na nguvu.

Wakataka kuona inavyoandika. Wa fulana nyekundu akapenya mbele kabisa, jiwe bado mkononi, akaomba jina lake liandikwe. Akalitaja herufi kwa herufi, na rafiki yangu, tairi bado likiwa shingoni, akaliandika kwa kile kidole. Jina likatokea, kijani. Yule mtu akacheka kwa furaha, akamwita mkewe aje aone. Akaliweka jiwe mezani, akanyoosha kidole aliguse jina lake kwenye kioo.

"Usiguse," rafiki yangu akamwambia kwa sauti ndogo, ya heshima kabisa. "Mikono yako michafu."

Yule mtu akaitazama mikono yake, damu ikiwa imemkaukia mpaka kwenye kucha. Akaomba radhi, akaenda kunawa.