Bi Shaikha Anunua Mashine ya Sahani

Mchwa wa kijiji cha Fukayosi ndio walioanzisha. Asubuhi moja Shufaa alimpigia simu shoga yake wa siku nyingi, Bi Shaikha wa Bagamoyo, akamwambia aje achukue sanduku lake la bati. Mbao zilizolibeba zimeliwa na mchwa, sanduku limeanguka na kuua kuku.

"Tena kuku anayetaga, Shaikha. Njoo uchukue dhambi zako."

Dhambi zenyewe zilikuwa sahani za santuri hamsini na moja. Bi Shaikha alizinunua ujanani, moja moja, alipokuwa akiuza vitambaa dukani kwa binamu yake Dar es Salaam: taarabu, dansi, na chache za Kihindi alizozipenda bila kuelewa hata neno. Akaolewa nazo. Mumewe, Mundhir, hakuwahi kusema anazipenda wala hazipendi, mpaka mwaka 1997 aliporudi Hija na ndevu mpya na amri mpya: muziki basi nyumbani kwake. Gramafoni akampa kinyozi. Sahani akamwachia mkewe azitupe kwa mkono wake mwenyewe, ili wagawane thawabu. Bi Shaikha akazipakia sandukuni, akazipeleka Fukayosi kwa Shufaa, akarudi na uso wa mtu aliyetoka kuzika.

Sasa alikuwa na miaka sitini na tatu, duka lake mwenyewe la mashuka na mapazia, na goti moja bovu. Akakodi gari. Walipofungua sanduku, sahani kumi na tatu zilikuwa zimejikunja kama chapati zilizosahauliwa jikoni. Thelathini na nane zilikuwa nzima. Alizipangusa kwa upindo wa kanga, na kabla hajarudi mjini alikwishaamua: kilichobaki ni kupata mashine.

Duka la redio na spika la Ashish lilikuwa mtaa wa pili kutoka kwake.

"Shikamoo, Bi Shaikha."

"Marahaba, Ashish. Nataka mashine ya kupigia sahani. Ya kuanzia tu, isiwe ya kuringia."

Ashish alitoa kisanduku chekundu chenye vishikizo vya rangi ya dhahabu, spika zake humo humo ndani. "Wote wanaorudi kwenye sahani wananunua hii. Unafunga, unabeba, kama sanduku la bibi harusi."

Bi Shaikha akatoa mkobani sahani moja. Alipewa na mama mkwe wake siku ya harusi, nyimbo za kumfunda mwali, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akiitafutia kazi. "Tujaribu kwa hii. Ikikwaruzika, Mungu amrehemu aliyenipa."

Sindano ikashuka. Mwimbaji akaanza kumweleza mwali habari za mume, ngoma ikaingia, sindano ikaruka. Ikarudi palepale. "Mtii, mtii, mtii, mtii..."

"Tumesikia," Bi Shaikha akasema.

Ashish alichukua sarafu, akaibandika juu ya mkono wa sindano. "Sasa haitaruka."

"Haitaruka, itachimba. Mkono wenyewe mzito, hauna pa kuupunguzia uzito, nawe unautwisha mzigo mwingine? Halafu spika ziko tumbo moja na sindano, zikipiga kelele sindano inatetemeka. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa hivihivi. Ilikula sahani tatu kabla sijaitambua."

Ashish akafunga kisanduku polepole. Alikuwa ameuza vinne mwaka ule, na alikumbuka kwamba viwili vilirudi.

Kwa aibu akamwonyesha picha kwenye simu: mashine kubwa ya zamani, ya Kijapani, rangi ya fedha, iliyokuwa ikiuzwa na mzee mmoja Upanga, Dar. Bi Shaikha aliitazama kwa muda mrefu, kama mwanamke anayetazama picha ya mchumba aliyemkosa.

"Nzuri," akasema. "Kasoro yake?"

"Nikwambie kweli? Sindano zake hazitengenezwi tena. Utahitaji ampulifaya ya kukuza sauti, na spika zake, na fundi. Ni kama kuolewa kwenye ukoo mkubwa, mama. Unamtaka mmoja, wanakuja wote."

"Nilishaolewa hivyo. Mara moja inatosha."

Ya tatu Ashish hakuwa nayo, ilibidi aiagize kwa jamaa yake Dar. Ilikuwa nyeusi tupu, haina urembo hata wa bahati mbaya. Lakini ilizungushwa kwa mkanda, mkono wake ulikuwa na kizito kidogo nyuma cha kupimia uzito wa sindano, sindano yenyewe ilichomolewa na kubadilishwa kwa vidole, na iliungwa moja kwa moja na spika yoyote yenye umeme wake. Bei ilikaribia mara mbili ya kile chekundu. Bi Shaikha aliguna, akalipa.

Siku ilipofika, alisubiri mumewe aende kuswali alasiri. Ashish akaja na mashine na spika mbili. Sakafu ya nyumba ile ya zamani iliinama upande wa bahari, kwa hiyo wakaweka bilauri ya maji juu ya meza, wakawa wanachungulia maji yamelalia wapi. Mguu mmoja wa meza ukahitaji kuinuliwa. Bi Shaikha akakunja gazeti, halikutosha. Akachukua kandambili moja ya Mundhir iliyokuwa imejificha uvunguni, ikatosha barabara.

Sahani ya kwanza aliyoichagua ilikuwa ndogo, ya wimbo mmoja kila upande. Alishusha sindano. Kukaja kwanza ile michakaricho, kama vitunguu vikitiwa kwenye mafuta. Alikuwa ameisahau kabisa. Machozi yakamtoka hata kabla ya muziki kuanza, naye akamkaripia Ashish kwa kumtazama.

Kisha sauti ikaanza, nzito, ya kujivuta. Bi Shaikha akakunja uso. Hakuwa anaikumbuka hivyo.

"Hicho nini?" Mundhir alikuwa amesimama mlangoni, kofia kichwani, kandambili mguu mmoja na kiatu mguu mwingine, maana alipotoka hakuiona ya pili, akarudi mapema kuitafuta.

"Sahani," akasema mkewe.

"Si ulizitupa?"

"Nilizitupa. Fukayosi."

"Fukayosi ni jalala?"

Ashish ghafla akaanza kutafuta bisibisi ambayo hakuja nayo. Mundhir akasikiliza. Ndevu zikamtikisika.

"Na mbona mwanamke wa watu anaimba kama anakata roho? Hiyo ni ya mizunguko arobaini na tano. Geuza mwendo."

Bi Shaikha akageuza swichi. Sauti ikapanda, ikawa nyepesi, ya msichana. Mundhir akabaki mlangoni mpaka wimbo ulipokwisha.

"Kwa hiyo unaijua," akasema Bi Shaikha.

"Wenzangu wa safari ya Hija ndio walionishika masikio, Mama Huda. Nilikuwa nataka kuingia kwenye kamati ya msikiti."

"Ukaingia?"

"Sikuchaguliwa."

Bi Shaikha alicheka hadi akaketi chini, goti bovu na yote. Kisha akaacha kucheka, akamwambia bila kupandisha sauti kwamba miaka ile ilikuwa mingi, na kwamba kucheka hakumaanishi amesamehe. Mundhir akasema anajua. Akatoka kwenda barazani.

Siku hizi Jumapili baada ya chakula mashine hupigwa, dirisha wazi. Mundhir hukaa barazani ameipa nyumba mgongo, na akiulizwa na wapita njia husema yeye hasikilizi. Upande wa sahani unapokwisha, hukohoa mpaka mkewe aigeuze.