Mlishaji wa Kinda la Tai

Kwenye kituo cha ndege yatima, mlishaji wa kinda la tai huvaa mkononi soksi iliyoshonwa kama kichwa cha mama tai, akalipenyezea vipande vya panya kwenye tundu la pazia. Hasemi neno, maana kinda likizoea sauti ya mtu halitaachiwa porini. Hata nje kwenye benchi, akila peke yake, hana maneno. Mama mfagiaji humtania: “Kaka, hata ulimi umewapa tai?” Yeye hutabasamu tu.

Leo kinda lilipaliwa na mfupa. Mama mfagiaji alichungulia, roho mkononi. Mlishaji aliuchomoa bila hata kuguna, jasho likimchuruzika. Kinda lilipomeza tena, alitoka hadi getini, mama akamfuata. Huko akasema, sauti imemkauka: “Dada, mwanangu amekula.”