Sabufa Kwenye Kochi

Arusha ukisema sabufa, watu wanaelewa ile redio yenye taa za rangi inayotikisa vioo vya saluni. Yangu ilikuwa boksi jeusi, zito, bila taa hata moja, na kazi yake ilikuwa kuzisaidia spika zangu mbili kwenye besi, zile sauti nzito za chini, pale zinapoishiwa pumzi. Niliieleza familia hivyo, kwa kirefu. Nina shahada mbili, na hakuna hata moja inayohusu sauti.

Siku ya kwanza glasi za mke wangu zilicheza kabatini. Akaja sebuleni na mwiko mkononi.

"Baba watoto, Jumamosi jumuiya inasali hapa. Mpaka siku hiyo boksi lako liwe limejifunza adabu. La sivyo linahamia stoo, likakae na pumba za kuku."

Nilikuwa na siku nne. Kwenye kona ya dirisha sabufa ilinguruma kama lori la mchanga linalopanda kwenda Ngaramtoni. Nyuma ya mlango ilinuna. Ijumaa nikajaribu mbinu niliyoisoma: unaiweka sabufa pale unapokaa kusikiliza, unafungulia muziki, kisha wewe unatambaa kando ya ukuta mpaka ufike mahali besi inaposikika vizuri. Hapo ndipo pa kuiweka. Basi nikaikalisha kwenye kochi kama mgeni rasmi, nikaweka nyimbo za kwaya, nikapiga magoti.

Nilikuwa nimefika nyuma ya meza ya televisheni nilipogeuza shingo nikaona viatu. Mama mkwe alikuwa amewasili kutoka Machame kabla ya saa aliyosema. Mkwe hutakiwa kujiheshimu mbele ya mama mkwe. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, na zaidi ya mgongo.

"Shikamoo, mama," nilisema nikiwa chini.

"Marahaba, baba. Umeangusha nini?"

"Natafuta pa kuweka besi."

Hakucheka. Ameimba alto kwenye kwaya ya usharika tangu usichana wake. Akatua mkoba, akasikiliza.

"Hawa besi wako wanaimba peke yao. Mwalimu wetu angeshawatoa nje."

"Niwaweke wapi?"

"Endelea kutambaa, nitakwambia."

Nikatambaa, yeye akitembea pembeni yangu, mpaka karibu na spika ya kushoto. "Hapa," alisema. Nikaihamishia sabufa hapo. "Sasa wapunguze. Tena. Besi mzuri humsikii. Siku asipokuja mazoezini ndiyo unajua alikuwepo."

Mke wangu akaingia. "Afadhali umelizima."

"Linawaka," mama yake akamjibu.

Hakuamini. Akainama, akabonyeza swichi ya nyuma, na wimbo ukabaki mwepesi kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Akasimama hapo ubeti mzima. Kisha akaliwasha tena, akaniuliza kama nimeshafuata viti vya plastiki kwa jirani.

Sikuwa nimevifuata. Nilikwenda mbio.